Mpindo Pacha wa Nuru: Jinsi Picha za Rangi Zinavyopima Tando Nyembamba

Nia ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili namna moja ya kupima jambo ambalo macho matupu hayalioni, nalo ni tabia ya baadhi ya tando nyembamba ya kuigawa nuru ipitayo ndani yake katika sehemu mbili zenye mwendo usiolingana. Njia yenyewe yatumia picha za rangi zilizopigwa kwa kamera. Mwandishi si mwalimu wa fizikia bali wa isimu. Lakini kwa kuwa kila aielezaye elimu hii kwa Kiswahili hulazimika kuchagua maneno kabla ya kuchagua vyombo, yafaa mtu wa lugha naye aseme lake. Tutaona kwamba katika kazi hii neno lililochaguliwa vibaya haliharibu ufasaha peke yake. Huharibu na hesabu.

Jambo nitakalolishikilia ni hili. Rangi ionekanayo katika utando si kipimo cha utando. Ni shahidi tu, na tena ni shahidi wa kitu kimoja, ambacho katika makala haya nitakiita pengo. Pengo nalo huzaliwa na mambo mawili: unene wa utando na tofauti ya mpindo. Mwenye kuyachanganya matatu haya atapata majibu ya kupendeza macho yasiyokuwa na ukweli ndani yake.

I. Utando na nuru

Tuanze na maneno mawili ya msingi. Kitu chembamba kilichotandwa juu ya kingine, au kilichosimama peke yake kama ngozi, Waswahili hukiita utando. Upo utando wa buibui, upo utando wa maziwa yaliyopoa, na upo utando juu ya jicho la mgonjwa. Siku hizi watu wengi husema filamu, lakini neno hilo limekwisha kushikwa na sinema, na mwanafunzi alisikiapo hufikiri picha zitembeazo. Kwa hiyo nitasema utando, na wingi wake tando, nikikusudia karatasi ya plastiki, tabaka la rangi lililokaushwa juu ya kioo, au ganda jembamba la jiwe.

La pili ni nuru. Lipo na neno mwanga, ambalo hutumika sana katika vitabu vya shule, wala si kosa. Lakini mwanga katika umoja ni pia mchawi wa usiku, na ingawa wingi wake ni wanga, umoja wake hautofautiki na mwanga wa taa mpaka sentensi iishe. Katika maelezo yenye sentensi ndefu msomaji asitiwe mashaka bure, nitasema nuru.

Nuru huenda kwa mawimbi. Wimbi la nuru hutikisika kwa kukingama na njia yake, kama kamba iliyofungwa mtini na kutikiswa na mtoto: kamba huelekea mtini, lakini mtikisiko huenda juu na chini, au kushoto na kulia. Nuru ya jua au ya taa ina mitikisiko ya pande zote kwa pamoja. Kipo kichujio ambacho huruhusu mitikisiko ya upande mmoja tu ipite, na mafundi hukiita polaraiza. Zamani vichujio hivyo vilikatwa katika mawe ya thamani kubwa. Tangu Edwin Land wa Marekani alipopata njia ya kuvitengeneza kama karatasi, njia aliyoiombea hataza mwaka 1929, vimekuwa rahisi kupatikana. Ukichukua polaraiza mbili na kuziweka moja mbele ya nyingine zikiwa zimekingamana, ya pili huzuia yote iliyopitishwa na ya kwanza, na mtazamaji huona giza. Giza hilo ndilo ukuta mweusi ambao juu yake rangi za utando zitaandikwa.

II. Mpindo pacha

Nuru iingiapo katika maji au kioo hupunguza mwendo, na kwa sababu hiyo njia yake hupinda. Kiasi cha kupunguza mwendo hutajwa kwa namba, ambayo nitaiita namba ya mpindo. Ya maji ni kama 1.33, na ya kioo cha kawaida ni kama 1.5, maana yake ni kwamba mwendo wa nuru katika kioo hicho ni ule wa mahali patupu uliogawanywa kwa 1.5.

Katika maji na kioo kilichotulia namba hii ni moja kwa pande zote. Lakini mwaka 1669 Rasmus Bartholin, mtaalamu wa Copenhagen, aliandika habari za jiwe angavu kutoka Iceland ambalo kila kitu kitazamwacho kupitia ndani yake huonekana viwili. Jiwe hilo, kalisaiti, lina namba mbili za mpindo, 1.658 na 1.486, na nuru iingiayo humo hugawanyika, kila sehemu ikifuata namba yake. Tofauti ya namba hizo ni 0.172, nayo ni kubwa mno. Ya jiwe la kwazi ni 0.009 tu, na kwa hiyo jicho haliwezi kuona vitu viwili kupitia kipande chembamba cha kwazi, ijapokuwa tabia ni ile ile.

Sababu yake ni mpangilio wa ndani. Seremala ajua kwamba randa yateleza ikienda na nyuzi za ubao, na yakwama ikienda kinyume chake. Ubao ni mmoja, lakini pande zake si sawa. Ndivyo zilivyo fuwele nyingi, na ndivyo ilivyo plastiki iliyovutwa kiwandani: chembe zake ndefu zimelala upande mmoja, na nuru inayotikisika kufuata chembe hizo haiendi mwendo mmoja na ile inayotikisika kuzikingama. Hata kioo, ambacho hakina nyuzi, hupata tabia hii kikibanwa, kama alivyoonyesha David Brewster wa Scotland mwanzoni mwa karne ya 19.

Tuiteje tabia hii? Kulichukua neno la Kizungu na kuliandika birefrinjensi ni kulivika kanzu bila ya kulisilimisha: msikilizaji hataambulia kitu. Wengine watapendelea mpindo maradufu. Neno hilo lina hatari, kwa maana maradufu ni mara mbili kwa kiasi. Mshahara maradufu ni mshahara uliozidi mara moja. Mwanafunzi ataelewa kwamba nuru imepinda mno, na hilo silo lililokusudiwa. Mimi naliweka mbele ya wasomaji neno mpindo pacha. Pacha huzaliwa pamoja, kwa mama mmoja, wala si lazima wafanane tabia. Na hivyo ndivyo zilivyo nuru hizi mbili zizaliwazo katika mwonzi mmoja.

Lakini tahadhari. Mpindo pacha ni jina la tabia. Kiasi cha tabia hiyo, yaani namba moja ya mpindo ukiitoa katika nyingine, nitakiita tofauti ya mpindo. Lugha kadhaa za Ulaya hutumia neno moja kwa tabia na kwa kiasi, na mara nyingine hulinyoosha neno hilo hilo mpaka likafunika na kitu cha tatu, ambacho sasa twakijia.

III. Pengo

Fikiria wakimbiaji wawili wenye nguvu sawa wakikimbia ufukoni sambamba. Mbele yao pana ukanda wa mchanga, ambao upande mmoja umelowa na kushupaa na upande wa pili ni mkavu na laini. Mmoja apita juu ya mchanga mgumu, mwenziwe juu ya mchanga laini. Watokapo upande wa pili, wote wawili wakanyaga tena ardhi ngumu na mwendo wao walingana kama mwanzo. Lakini yule wa mchanga laini ameachwa nyuma kwa hatua kadhaa, na hatua hizo hazitapungua wala kuongezeka tena. Umbali huo ndio pengo.

Ni mambo gani yaliyolifanya pengo? Ni mawili: upana wa ukanda wa mchanga, na jinsi mchanga mmoja ulivyozidi mwingine kwa ulaini. Katika utando, upana ni unene wake, na ulaini ni ile tofauti ya mpindo. Kanuni yake ni fupi: pengo ni unene mara tofauti ya mpindo. Utando wenye unene wa mikromita 25, ambazo ni nanomita 25,000, ukiwa na tofauti ya 0.02, utaziacha pacha mbili zikiwa na pengo la nanomita 500.

Waandishi wengine wangependa kusema mchelewo, na kwa kweli pacha mmoja amechelewa. Ila mchelewo ni jambo la saa na dakika, na kitu hiki hupimwa kwa urefu. Mwanafunzi akisoma kwamba mchelewo ni nanomita 500 atauliza, na ana haki, tangu lini uchelewaji ukapimwa kwa rula. Pengo halina mgogoro huo. Tena pengo huashiria vitu viwili vyenye nafasi baina yao, wala haliwezi kudhaniwa kuwa ni tabia ya kitu kimoja. Hiyo ndiyo faida yake kuu: mtu aliyezoea kusema pengo hatathubutu kusema kwamba plastiki fulani ina pengo fulani, bila ya kutaja kipande gani na cha unene gani.

IV. Rangi hutoka wapi?

Sasa tuuweke utando wetu kati ya polaraiza mbili zilizokingamana, tukiugeuza hata nyuzi zake ziwe katikati ya pande mbili za polaraiza, yaani kwa pembe ya nyuzi 45 za duara. Nuru iliyopitishwa na polaraiza ya kwanza yaingia katika utando na kuzaa pacha. Pacha zatoka zikiwa na pengo, na polaraiza ya pili yaziunganisha tena. Ikiwa pengo ni sawasawa na urefu wa wimbi zima, pacha zaungana kama hazikuachana, na polaraiza ya pili yazizuia: giza. Ikiwa pengo ni nusu ya wimbi, zapita zote. Kati ya hapo, hupita kiasi.

Kumbuka kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko, na mawimbi yake hayana urefu mmoja. Wimbi la nyekundu lina kama nanomita 610, la kijani kama 540, la buluu kama 460. Pengo moja huwa wimbi zima kwa rangi hii na si wimbi zima kwa rangi ile. Pengo la 540 laizima kijani kabisa. Nyekundu na buluu zabaki kidogo kidogo, na jicho laona zambarau. Kwa hiyo rangi ya utando si rangi iliyomo ndani ya utando. Plastiki ni nyeupe angavu, huionei chochote mezani. Rangi ni ile nuru iliyosalia baada ya nyingine kuzuiwa.

Pengo likikua kidogo kidogo kutoka sifuri, rangi hufuatana kwa utaratibu usiobadilika: nyeusi, kisha kijivu, kisha nyeupe karibu na nanomita 250, manjano baada ya 300, machungwa, nyekundu karibu na 520, zambarau, buluu karibu na 650, kijani karibu na 750, halafu manjano tena karibu na 900, na nyekundu tena baada ya 1,000. Kila mzunguko huitwa daraja. Mwaka 1888 Auguste Michel-Lévy, mtaalamu wa mawe wa Ufaransa, aliuchapisha utaratibu huu kama jedwali la rangi, na hata leo wanafunzi wa mawe hulitumia: hulinganisha rangi waionayo katika hadubini na ile ya jedwali, wakasoma pengo.

Hapa mtu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni sifa kamili zenye kuchukua viambishi: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema kitu cheusi, kuta nyeupe, mchanga mwekundu. Rangi nyinginezo hutajwa kwa vitu au kwa maneno ya kukopa: kijivu ni jivu, kijani ni jani, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walidai kwamba lugha zenye maneno machache ya rangi huanza na nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu. Dai hilo limejadiliwa sana baadaye, lakini Kiswahili chaonekana kuliunga mkono.

Wako waonao huo kuwa upungufu. Mimi naona kinyume chake. Kusema rangi ya zambarau ni kumwambia msikilizaji: chukua tunda, ulinganishe. Na jedwali la Michel-Lévy ni nini, kama si ulinganishaji huo huo ulioandikwa? Upungufu wa majina ya rangi hauko katika Kiswahili peke yake, bali katika majina yenyewe, kwa lugha yoyote. Manjano ya 320 na manjano ya 900 huitwa jina moja, na ukikosea daraja utakosea pengo karibu mara tatu. Hapo jina la rangi limefika mwisho wa uwezo wake, na tarakimu zaanza kazi.

V. Kazi ya kamera

Kamera ya rangi haioni manjano wala zambarau. Katika kila nukta ya picha huandika tarakimu tatu: kiasi cha nuru nyekundu, cha kijani na cha buluu. Vichujio vidogo vya rangi hizo tatu hupangwa juu ya kigunduzi chake kwa mpango ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak aliupatia hataza mwaka 1976. Msomaji ataona kwamba tarakimu tatu ndizo hasa tunazozihitaji. Tutwae mfano.

Tuseme kijani kimepita kwa 36 katika kila 100. Kwa tarakimu hiyo peke yake hatuwezi kujua pengo, kwa sababu 110, 430 na 650 zote huzaa 36, na yako mengine juu yake. Lakini tuziulize nyekundu na buluu. Ikiwa pengo ni 110, hesabu yatoa nyekundu 29, kijani 36, buluu 47, na jicho laona kijivu chenye ubaridi. Ikiwa ni 430, yatoa nyekundu 64, kijani 36, buluu 4, nayo ni machungwa. Ikiwa ni 650, yatoa nyekundu 4, kijani 36, buluu 93, nayo ni buluu. Shahidi mmoja ametuacha katika mashaka. Mashahidi watatu wameyaondoa.

Tuendelee hata mwisho. Ikiwa utando wetu una mikromita 25, pengo la 430 lina maana ya tofauti ya 0.0172, la 650 lina maana ya 0.026, na la 110 lina maana ya 0.0044. Namba hizi si za kitu kimoja hata kidogo, na aliyesoma kijani peke yake angeweza kuitangaza yoyote kati yake.

Katika kazi halisi mpimaji hategemei kanuni tupu, kwa kuwa vichujio vya kamera si vikali kama tulivyovidhania, bali kila kimoja hupokea mawimbi ya karibu yake pia. Hutwaa kabari ya kwazi, yaani kipande kilichochongwa chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, ambacho pengo lake hukua sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Huipiga picha kwa taa ile ile, kamera ile ile na polaraiza zile zile. Picha hiyo yampa jedwali lake mwenyewe: kwa kila pengo, tarakimu tatu. Kisha huupiga picha utando, na kompyuta huchukua kila nukta na kutafuta katika jedwali tarakimu zilizo karibu zaidi nayo. Faida yake ni kwamba vyombo vya zamani hupima mahali pamoja kwa wakati mmoja, bali picha moja hupima mamilioni ya nukta kwa pamoja, na kutoa ramani ya pengo katika utando mzima.

Masharti ni machache lakini hayasameheki. Kamera za kawaida hazihifadhi kiasi cha nuru kama kilivyo. Hurekebisha tarakimu ili picha ipendeze, na kila mara huamua upya kipi ni cheupe. Mpimaji hana budi kuyafunga marekebisho hayo na kutumia picha ghafi. Nuru isiwe kali hata tarakimu zikagota juu. Na utando ugeuzwe kwa pembe inayofaa, kwani katika mzunguko mzima huzimika mara nne, si kwa kukosa pengo, bali kwa kuwa nyuzi zake zimeelekea sawa na polaraiza moja. Giza la pembe lisidhaniwe kuwa giza la pengo.

VI. Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni wa tando nyembamba mno. Utando wenye unene wa nanomita 100 na tofauti ya 0.1 una pengo la 10 tu. Kati ya polaraiza zilizokingamana, hakuna rangi hata moja kati ya zile tatu inayopita kwa nusu ya moja katika 100. Picha ni nyeusi. Dawa yake ni kuongeza kibao chenye pengo linalojulikana, kwa kawaida karibu na 530, mahali ambapo rangi hubadilika upesi kuliko pengine popote. Sasa pengo lote laweza kuwa 540 au 520, kwa kadiri utando ulivyolala. Katika 540 nyekundu ni 12 na buluu ni 27. Katika 520 nyekundu ni 20 na buluu ni 16. Kilichokuwa hakionekani kimeonekana, na zaidi ya hayo tumejua upande ambao nyuzi zimelala.

Mtego wa pili ni wa tando nene, au zenye tofauti kubwa. Kila daraja lipandapo rangi hufifia, na baada ya daraja la nne au la tano hubaki weupe uliochanganyika na waridi na kijani hafifu. Kamera haiwezi tena kutofautisha. Tena tofauti ya mpindo yenyewe si sawa kabisa kwa rangi zote, na kila kitu kina tabia yake. Jedwali la kwazi laweza kupotoka likitumiwa kwa plastiki, hasa katika madaraja ya juu.

Mtego wa tatu ni wa rangi nyingine zinazofanana na hizi. Mafuta yakimwagika juu ya maji barabarani hutoa rangi nzuri, na povu la sabuni vile vile. Rangi hizo huonekana bila ya polaraiza yoyote, nazo hutokana na nuru iliyorudishwa na uso wa juu wa utando kukutana na ile iliyorudishwa na uso wa chini. Zaeleza habari za unene, wala hazisemi lolote juu ya mpindo pacha. Jaribio lake ni jepesi: ondoa polaraiza. Rangi zikibaki, si zetu.

VII. Faida na hasara ya maneno

Mambo haya si ya maabara za mbali tu. Katika Milima ya Uluguru, Morogoro, ulichimbwa ulanga wakati wa utawala wa Wajerumani na tena wa Waingereza. Ulanga hubanduka maganda kwa maganda, kila ganda likiwa utando angavu wa asili, na tofauti yake ya mpindo katika ganda ni kama 0.005. Ganda la unene wa 0.03 milimita hivi hutoa pengo la robo ya wimbi kwa nuru ya manjano ya sodiamu, na kwa miaka mingi vibao vya robo ya wimbi vilitengenezwa kwa ulanga. Vioo vya simu na kompyuta navyo, vile vya fuwele za majimaji, hufanya kazi kwa polaraiza mbili na tabaka la fuwele hizo lenye unene wa mikromita chache tu, ambalo umeme hulibadilisha mpangilio. Na nuru itokayo humo tayari ina mtikisiko wa upande mmoja. Mwalimu mwenye kioo cha namna hiyo, polaraiza moja na utepe wa gundi angavu aweza kuwaonyesha wanafunzi rangi zote tulizozitaja.

Lakini tumtazame fundi wa kiwanda cha plastiki, ambaye kwake neno ni fedha. Apiga picha utando uliotoka mashineni na kuona mahali pengine manjano, mahali pengine nyekundu. Ramani yamwambia kwamba pengo si sawa. Akiwa amefundishwa kwamba rangi ndiyo mpindo pacha, atasema plastiki haikuvutwa sawasawa, na ataibomoa mashine ya kuvutia. Akiwa amefundishwa kusema pengo, atajua kwamba yako mambo mawili yanayoweza kulizaa, na kwanza atachukua chombo cha kupimia unene. Pengo la 560 katika mikromita 20 ni tofauti ya 0.028, pengo hilo hilo katika mikromita 22 ni tofauti ya 0.0255. Huenda mashine ya kuvutia haina kosa lolote, na kosa li katika mdomo unaotoa plastiki nene upande mmoja.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuyashike maneno haya, kila moja na mpaka wake. Mpindo pacha ni tabia ya kitu ya kuzaa nuru mbili katika mwonzi mmoja. Tofauti ya mpindo ni kiasi cha tabia hiyo, nayo ni namba tupu isiyo na nanomita. Unene ni wa kipande, si wa kitu. Pengo ni zao la hayo mawili, nalo hupimwa kwa nanomita. Rangi ni alama ya pengo, na daraja ni zamu ambayo rangi imerudi.

Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kuikuta fizikia kwa Kiingereza. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Msomaji ameona kwamba maneno pengo, pacha, utando, kabari na daraja yalikuwapo sokoni na ufukoni kabla ya kamera kubuniwa. Lililokosekana ni kukubaliana juu ya mipaka yake. Kama yuko mwenye neno bora kuliko pacha, au aonaye kwamba pengo litawachanganya watu wa fani nyingine, na alitoe hadharani pamoja na sababu zake, na kipimo cha neno lake kiwe hiki: je, fundi akilitumia, atakwenda kwenye mashine iliyo na kosa?